Ngoto ya Uwanja wa Kikapu

Ukimtaka diwani wa Mitalawanda siku ya Jumamosi, usijisumbue kwenda ofisini kwake. Utakuta kufuli, na mbuzi wa jirani amejilaza mlangoni. Pita Bigwa, fuata barabara mpaka lami inapokata tamaa na njia kuanza kupanda mlima, na hapo kushoto utauona uwanja wa mpira wa kikapu. Mwanvita Ramadhani yuko hapo tangu jua halijatoka. Mama wa miaka hamsini na nne, kanga kiunoni juu ya suruali ya michezo, anatupa mpira kutoka mstari wa adhabu.

Amejiwekea sharti la mipira kumi mfululizo. Akikosa, hata kama ni wa kumi, anaanza upya. Wenye shida zao wanalijua hilo, kwa hiyo hukaa kwenye ngazi za saruji na kungoja. Mwenye ugomvi wa mfereji, mwenye mume mlevi, mwenye mtoto aliyefukuzwa shule, wote wanamhesabia kwa sauti moja: sita, saba, nane, kwa sababu akifika kumi ndipo anawasikiliza. Siku upepo wa mlimani unapovuma, watu huchelewa sana kwenda shambani.

Ule uwanja ndio uliomlea. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, na mama yake Mluguru wa hapa hapa, aliyefariki Mwanvita akiwa na miaka minne. Baba alimlea peke yake, na binti akakua akijiita Mnyamwezi wa Morogoro. Jioni, baba akiwa zamu, alimwacha uwanjani kwa Mwalimu Severin. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mfupi, mkali, mwenye mapenzi ya ajabu na mchezo wa watu warefu. Ndiye aliyekwenda kuliomba shamba lililokuwa pale kwa wenyewe miaka hiyo, akachanganya saruji kwa mikono yake pamoja na wanafunzi, akasimamisha milingoti miwili.

Mwalimu hakuwa na filimbi wala mwamuzi. Alikuwa na kanuni moja tu: mpira ukitoka nje, aliyeguswa nao mwisho aseme mwenyewe. "Mpira umenigusa mimi," unasema, unanyoosha mkono, unampa mwenzako mpira. Ukinyamaza na ukajulikana, unakaa nje wiki nzima. Mwanvita alikaa nje mara moja tu, akiwa na miaka kumi na miwili, na ile wiki anaikumbuka mpaka leo.

Aliichezea timu ya kiwanda mpaka kiwanda kilipofungwa. Akauza mbogamboga, akaolewa, akafiwa, akasomesha watoto watatu. Siasa hakuitaka. Ila ringi za uwanja zilianguka, na diwani wa wakati huo akawa anaahidi ringi mpya kila uchaguzi kama anayeahidi kwenda kuhiji. Mara ya tatu Mwanvita alipandwa na hasira, akachukua fomu. Alipita. Mwezi wa kwanza tu ringi zilikuwa juu, ubao umepakwa rangi, mistari imechorwa upya. Na kwenye ukuta unaotazama barabara, fundi rangi akaandika kwa herufi zinazosomeka mpaka ng'ambo ya mto: UWANJA WA DIWANI MWANVITA. Yeye hakumwagiza, lakini hakumkataza pia. Ukweli ni kwamba alipoliona lile jina alifurahi, akapita pale mara mbili siku ile ile bila shughuli yoyote.

Wenzake katika baraza la madiwani walimcheka kwanza, kisha wakaanza kuja. Mwishowe ikapatikana timu ya madiwani, vitambi na yote, inayocheza na watumishi wa halmashauri kila mwisho wa mwezi. Nguzo ya timu ilikuwa Abdulswamad, diwani wa kata ya juu mlimani, mfanyabiashara wa ndizi na maharage. Alikuwa mrefu kama mlingoti wa bendera na mikono yake haikosi mpira unaorudi kutoka kwenye ubao. Kanuni ya Mwalimu Severin aliifuata kuliko wote. Siku moja, timu yao imezidiwa pointi moja na muda unakaribia kwisha, mpira ulitoka nje na hakuna aliyeona. Abdulswamad alinyoosha mkono. "Mpira umenigusa mimi." Wakafungwa. Njiani madiwani wenzake walimtukana kwa mapenzi mpaka mjini.

Basi ni huyu huyu Abdulswamad aliyeleta hoja ya maduka. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mipango, na alisema kweli: akina mama wanashuka na mizigo kichwani tangu alfajiri, wanakaa juani ukingoni mwa barabara, mvua ikinyesha nyanya zinaoza mikononi. Pale uwanjani pangetosha fremu thelathini zenye paa na choo. Eneo ni la wazi, halina hati, halina mwenyewe anayelidai.

"Lina mwenyewe," Mwanvita alisema.

"Nani?"

Ukuta ulikuwa na jibu, lakini hata yeye aliona haya kulitaja.

Akaingia kazini. Aliuliza huku na huku, akaambiwa shamba lile Mwalimu Severin alipewa na Mzee Fransisko, marehemu sasa, na kwamba mtoto wake, Agustino, ana karakana ya pikipiki Kingolwira. Mwanvita alimfuata siku hiyo hiyo. Agustino alifuta mikono, akasema hana kinyongo hata kidogo, baba yake aliupenda ule mchezo, akaandika barua safi: mimi mrithi wa marehemu nakubali uwanja uendelee. Akaweka na dole gumba, kwa uhakika zaidi. Mwanvita alirudi akiimba.

Siku ya kikao aliisoma barua ile kwa sauti ya ushindi. Kabla hajakaa, Abdulswamad alisimama.

"Taarifa, Mheshimiwa Mwenyekiti. Namheshimu sana dada yangu. Lakini naomba kuuliza, Mluguru gani anarithi shamba la ukoo kwa baba yake?"

Ukumbi ukaanza kucheka, hasa wale wa mlimani.

"Shamba Mzee Fransisko alilipata upande wa mama yake," akaendelea. "Alipokufa, lilirudi kwa dada zake na wapwa zake. Agustino ni wa ukoo wa mama yake, watu wa Mgeta, hana hata shina la mgomba pale. Barua hii ni sawa na mimi kukupa ruhusa ya kuchinja ng'ombe wa jirani. Na dada yangu usikasirike, mama yako alikuwa wa kwetu. Kwa desturi yetu wewe ni Mluguru, na hili ulitakiwa ulijue kuliko mimi."

Kicheko kikawa kikubwa. Mwanvita alikaa, uso unamwaka. Lililomchoma zaidi ni lile la mama yake, kwa kuwa lilikuwa kweli. Miaka hamsini ameishi chini ya mlima wa watu wa mama yake akifikiri kama mtu wa Tabora, kwa baba yake. Mwenyekiti akatoa wiki mbili: wenye shamba wakijitokeza, wasikilizwe, wasipojitokeza, maduka yajengwe.

Wengine wangesusa. Yeye alikwenda nyumbani, akala wali wa jana, akalala, na alfajiri akapanda pikipiki mpaka njia ilipoishia, kisha akaanza kupanda kwa miguu. Ulikuwa mwezi wa tatu na mvua ilikuwa imelowesha udongo. Alianguka mara mbili. Saa tatu kasoro alikuwa mbele ya nyumba ya Bibi Chausiku, dada mkubwa wa marehemu Fransisko, ambaye pale juu neno lake ndilo neno la ukoo.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kibaraza anachagua mbegu za maharage. Hakuinua uso.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umepanda na tope lote hilo, una shida."

Mwanvita akajieleza: jina, baba, na safari hii akamtaja na mama. Akaeleza uwanja, maduka, wiki mbili. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, huku vidole vikiendelea kutenga mbegu mbovu na nzima.

"Nakujua," akasema. "Mwaka juzi nilishuka na ndizi. Mjukuu wangu akanisomea ukuta. Nikamwambia rudia, akarudia. Uwanja ni wa diwani Mwanvita. Sasa mimi nikutetee nini, mwanangu? Kama uwanja ni wako, kautetee mwenyewe."

Hakusema kwa ukali, na hiyo ndiyo iliyouma. Mwanvita alitaka kusema ni fundi aliyeandika. Maneno yalifika mdomoni kabisa. Akayameza, kwa sababu akilini aliona ngazi za saruji za uwanjani, na Mwalimu Severin amesimama kimya akingoja nani atanyoosha mkono.

"Ni mimi, bibi," akasema. "Jina nililiona, nikalipenda, nikaliacha."

Bibi akainua uso kwa mara ya kwanza. Akaagiza wamletee mgeni chai ya rangi.

Ndipo Mwanvita akasikia jambo ambalo katika miaka yote ya kucheza pale hakupata kulisikia. Mwalimu Severin hakupewa shamba. Aliazimwa. Na mtu akiazimwa shamba la ukoo, kila mwaka baada ya mavuno huleta ngoto. Si kodi, kodi ni mambo ya serikali. Ni kitu kidogo cha kukiri kwamba shamba lina wenyewe. Ngoto ya Mwalimu ilikuwa kuku mmoja. Kila mwaka alipanda naye mwenyewe, suruali imekunjwa, akasimama hapo hapo kibarazani na kusema, "Nimekuja kusema shamba ni lenu." Kuku anachinjwa, wanakula pamoja, na Mwalimu anapewa firigisi, fungu la mzee wa nyumba, yeye mgeni, mbele ya wanaume wa ukoo.

"Amekufa miaka kumi na mmoja sasa," Bibi alisema. "Hakuna mwingine aliyepanda. Kuku tunao, usidhani tulikosa mboga. Tulikuwa tunamngoja mtu wa kusema."

Mwanvita akasimama. "Kesho nitaleta kuku. Hata wawili."

"Keti. Mvua hii, nani amevuna? Ngoto haiji mtu akibanwa. Wanasiasa huja kabla ya kura. Ngoto huja baada ya mavuno." Akarudia mbegu zake. "Nenda. Nitafikiri."

Akashuka bila ahadi yoyote. Njia nzima alijiuliza kama amefukuzwa kwa adabu au la, na alipofika barabarani akaacha kujiuliza. Akapita dukani akanunua chokaa na brashi. Ilikuwa saa kumi jioni, timu ya wasichana ilikuwa mazoezini na watu wanarudi kutoka sokoni, na diwani wao akapandisha kanga, akapanda kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kulipaka chokaa jina lake mwenyewe, herufi kwa herufi.

Watu walisimama. Mmoja akapiga kelele kutoka kwenye bodaboda, "Mheshimiwa, uchaguzi ni mwaka huu! Unafuta kura!"

"Najua tarehe," akajibu bila kugeuka.

Rangi ya zamani ilikuwa nzuri, haikukubali kufunikwa kwa mkono mmoja. Alirudi kesho yake na kesho kutwa. Siku ya tatu Abdulswamad alikuja mazoezini, akautazama ukuta mweupe, akaokota mpira. Walicheza kama kawaida. Mwanvita alimpa pasi, naye akamrudishia. Kikaoni ni kikaoni, na uwanjani ni uwanjani; hayo walikubaliana zamani bila kuyasema.

Wiki mbili zikatimia. Kikao kilianza, ajenda zikapita, Mwanvita akiutazama mlango kama mtu anayengoja mgonjwa atoke chumba cha daktari. Ilipofika ajenda ya uwanja, mlango ukafunguliwa na mlinzi, naye Bibi Chausiku akaingia na wanawake wengine wawili na mpwa wake, viatu mkononi kwa ajili ya tope.

"Nimeambiwa mnamtafuta mwenye shamba," akasema. "Ni sisi. Tumeliazimisha kwa ajili ya mchezo. Si la diwani, na si la halmashauri."

"Mna karatasi, mama?" Mwenyekiti akauliza.

"Karatasi ya nini? Nimezaliwa pale."

Minong'ono ikaanza. Mwenyekiti alikuwa mtu wa kuja, hakujua koo za mlimani, akageukia yule aliyezijua. "Mheshimiwa Abdulswamad. Wewe ndiye uliyetufundisha mambo haya. Je, hawa ndio wenyewe?"

Angesema tu kwamba hana uhakika, na hoja yake ingepita, maduka thelathini yangejengwa, na akina mama wa kata yake wangeimba jina lake mpaka uchaguzi. Mwanvita alimwona akitazama meza.

Abdulswamad akasimama taratibu, urefu wote ule.

"Ni wao," akasema. "Hakuna wengine." Akakaa, akafunga faili lake.

Hoja ikafa hapo. Nje, kwenye ngazi, Mwanvita alimfuata. Abdulswamad akanyoosha mkono juu kama uwanjani. "Mpira umenigusa mimi, dada. Ningefanyaje?" Akacheka, lakini si sana. Akina mama wake walikuwa bado juani, na wote wawili walilijua hilo.

Bibi Chausiku naye alipita karibu na Mwanvita akivaa viatu vyake. "Umefuta jina, tumeona," akasema. "Lakini kuku bado."

Ningependa kusema kwamba Mitalawanda walimbeba Mwanvita juu juu. Hawakumbeba. Wafanyabiashara walioahidiwa fremu walinuna, na mpinzani wake akawaahidi fremu mahali pengine, mahali ambapo hakupataja. Katika kura za maoni za chama, mwezi wa saba, Mwanvita alishindwa kwa kura tisa. Alitoka ukumbini kichwa kimeinuka, akawapa watu mkono, akamkumbatia aliyemshinda. Nyumbani alijifungia akalia kilio cha kweli, cha kwikwi, mpaka binti yake akagonga mlango. Alikuwa ameipenda ile kazi. Na ule ukuta mweupe ulimjia akilini zaidi ya mara moja, na herufi zilizokuwa pale.

Siku mbili alilala. Ya tatu aliamka gizani kwa mazoea, akaoga, akatoka uani. Kulikuwa na jogoo mwekundu aliyemfuga tangu mwezi wa nne, mnene, mgomvi, ambaye wajukuu walikwisha kumwonea uchu. Akamfunga miguu kwa kipande cha kanga, akamtia kwapani, akaondoka.

Safari hii njia ilikuwa kavu, hakuanguka. Huko juu mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa na kuning'inizwa chini ya mapaa, na watu walikuwa na uso wa kushiba. Bibi Chausiku alikuwa kibarazani pale pale, anapukuchua. Alimwona kwa mbali, akaacha kazi, akamtazama mpaka alipofika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akamtazama jogoo, akamtazama yeye. "Redio hatuna, lakini habari zinapanda. Tumesikia wamekutoa."

"Wamenitoa, bibi."

"Basi siku hizi wewe si diwani."

"Si diwani."

"Na umepanda."

"Mavuno yamekwisha, bibi," Mwanvita alisema. Pumzi bado ilikuwa inamkimbia.

Bibi akaita ndani. Wakatoka wanawake wawili wale wa kikaoni, mpwa, wajukuu, na mzee mmoja mwenye fimbo ambaye Mwanvita hakumfahamu. Wakasimama kumsikiliza. Alikuwa amehutubia mikutano ya hadhara miaka mitano, kwa kipaza sauti na bila kipaza sauti, na sasa akamshika jogoo kwa mikono miwili.

"Nimekuja kusema shamba ni lenu," akasema. "Sisi tunacheza tu."

Mpwa akampokea jogoo, akaenda kumchinja nyuma ya nyumba. Mwanvita akapewa kigoda karibu na Bibi, na bila kuambiwa akavuta gunzi, akaanza naye kupukuchua. Hawakuzungumza siasa. Bibi alimuuliza mama yake alikuwa mtoto wa nani, wa upande gani wa mto, na Mwanvita akajibu alichokijua, na kwa asichokijua Bibi akasema wataulizia.

Mchana ugali ukaletwa kwenye sinia kubwa, na mchuzi. Wakanawa. Yule mzee mwenye fimbo alisogea mahali pake pa siku zote, karibu na bakuli. Bibi Chausiku akachovya kijiko, akatafuta chini ya mchuzi bila haraka, akaipata firigisi, na mbele ya wote akaiweka upande wa Mwanvita.

"Kula," akasema. "Itapoa."